Flashi Inayozunguka Chuoni

Nje ya lango la vyuo vikuu vingi vya Tanzania na Kenya pana vibanda vya kuchapisha na kutoa kopi. Wiki ya kukusanya kazi, foleni hufika barabarani, kila mmoja na flashi mkononi. Kompyuta ya kibandani huchomekwa flashi za watu wasiojuana tangu asubuhi hadi usiku, na iliyo na virusi huziachia zinazofuata. Hapo ndipo kompyuta ya mwanafunzi inaweza kuambukizwa, hata bila kuguswa na intaneti.

Virusi maarufu hapo ni vile vya shotikati. Unarudi hosteli, unafungua flashi, unakuta folda zako zimekuwa vialama vyenye mshale mdogo pembeni, kila kimoja cha kilobaiti chache tu. Wengi huamini kazi yao imefutika. Haijafutika. Programu hasidi imezipa folda halisi sifa ya kufichwa, kisha ikaweka shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya, programu hiyo inaamka kimyakimya na wakati huohuo folda yako inafunguka, hivyo huna sababu ya kushtuka. Tangu dakika hiyo, kila flashi utakayochomeka itaondoka na ugonjwa huo.

Fundi wa haraka atakwambia muifomati. Kataa. Anza kwa kusafisha kompyuta na flashi kwa antivirusi. Windows 10 na 11 huja na Defender isiyolipiwa. Kisha fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Amri hiyo huondoa sifa ya kufichwa, na mafaili hujitokeza yakiwa mazima.

Mwaka 2016 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Chuo Kikuu cha Illinois, mjini Urbana-Champaign. Waliangusha flashi 297 sehemu mbalimbali za chuo. Mafaili ya angalau asilimia 45 ya flashi hizo yalifunguliwa, na ya kwanza ilifunguliwa kabla ya dakika sita kwisha. Wengi wa waliojieleza walisema walitaka kumpata mwenye mali ili wamrudishie. Nadhani hili ndilo jambo la kuzingatia zaidi: virusi haviwanasi wazembe peke yao. Hupitia ukarimu wetu, kuazimana, kugawana notsi, kumsaidia mwenzako aprinti. Ukarimu huo tusiuache, ila kabla ya kufungua flashi yoyote, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uichunguze kwa antivirusi.

Mlango wa pili ni programu zilizokrakiwa, hasa SPSS msimu wa kuchambua data. Maelekezo yake mara nyingi huanza kwa kukutaka uzime antivirusi. Anayekuomba umfunge mbwa kabla ya kuingia uani, muulize anakuja kufanya nini. PSPP inafanya hesabu nyingi za SPSS bure, R inafanya zaidi, na LibreOffice inatosha kuandika tasnifu nzima.

Kisha kuna masasisho, ambayo wanafunzi huyazima kwa sababu yanakula bando. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini gharama ya kuyazima ni kubwa. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja la Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo programu hasidi iitwayo WannaCry ikapita katika tundu lilelile, ikafunga mafaili ya zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia ya kuanzia dola 300. Kompyuta zilizokuwa zimepokea kiraka hicho hazikupenyeka kupitia tundu hilo. Wi-Fi ya maktaba ipo: pakua masasisho hapo.

Kuhusu wizi, fahamu kwamba nywila ya kuingilia haifichi mafaili. Mwizi akiichomoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine anayasoma yote, isipokuwa kama umewasha usimbaji wa diski. Uwashe, na ufunguo wake wa dharura uuandike mahali pengine.

Lakini hakuna kinga iliyo kamili. Umeme hurudi kwa kishindo, chai humwagika, na flashi yenyewe si ghala la kuaminika: huhifadhi data kama chaji ndogo za umeme ambazo huvuja miaka ikipita, na ukiichomoa kabla haijamaliza kuandika, faili linaweza kuharibika. Laptopu hununuliwa nyingine, hata kama ni kwa kujinyima. Madodoso mia uliyokusanya kijijini na sura nne ulizoandika haviuzwi dukani popote.

Kwa hiyo tasnifu yako ikae mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje isiyoshinda imechomekwa, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kama leo ipo mahali pamoja tu, itengenezee nakala usiku huu kabla hujalala.