Ukisomea ustawi wa jamii, nani atakulinda jina?

Ukisomea ualimu, TSC inakusajili na kukupa nambari. Ukisomea uuguzi, kuna baraza la wauguzi. Lakini ukisomea ustawi wa jamii, utasikia mtaani: “Si hiyo ni kazi ya kugawa unga? Hata mimi naweza.”

Usikasirike. Kwingine swali hilo lilijibiwa kwa sheria. Afrika Kusini, chini ya sheria ya mwaka 1978, huwezi kufanya kazi hii bila kusajiliwa na baraza. Digrii ni ya miaka 4, na hata mwanafunzi hujisajili akiwa bado chuoni. England nako, jina la taaluma hii linalindwa na sheria tangu 2005. Si kila mwenye roho safi anaruhusiwa kujiita hivyo.

Mbona wakali hivyo? Fikiria ukiwa kwa mafunzo ya nyanjani. Unaingia nyumba ya mtu, mama anakufungulia siri za ndoa yake, kisha unaandika ripoti inayoweza kumtoa mtoto kwao. Ukiropoka au ukikosea, yule mama atakushtaki wapi?

Kweli, usajili haumpi mtu huruma. Lakini unampa mkubwa wa kumuuliza.

Kwa hivyo kabla ulipe karo, uliza chuo mambo matatu: nani ameidhinisha kozi hii? Nani atanisimamia nyanjani? Na nikimaliza, nitawajibika kwa nani? Wakianza kuzungukazunguka, tafuta chuo kingine.