Senti 27 za Mumias

Biashara ya hisa za Kampuni ya Sukari ya Mumias iliposimamishwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2019, hisa moja ilikuwa imeshuka hadi senti 27. Kampuni ilikuwa na hisa zipatazo bilioni 1.53. Ukizidisha, unapata takriban shilingi milioni 413: hiyo ndiyo iliyokuwa thamani ya kampuni nzima sokoni, pamoja na kinu, mtambo wa umeme na ule wa ethanoli. Mwaka uliotangulia peke yake ilikuwa imepata hasara ya kama shilingi bilioni 15.

Huko Kisumu, ambako habari za miwa hufika haraka, swali lilikuwa jepesi: mbona hakuna tajiri aliyeinunua kwa bei hiyo ya kutupa?

Jibu ni kwamba bei ya hisa husema kidogo sana ikiwa peke yake. BAT Kenya ina hisa milioni 100, Safaricom ina hisa bilioni 40. Tuseme hisa ya BAT inauzwa shilingi 400 na ya Safaricom 20. Ya kwanza itakuwa kampuni ya shilingi bilioni 40, ya pili ya bilioni 800. Hisa ya bei ndogo ndiyo ya kampuni kubwa. Hata baada ya kuzidisha, umepata fungu la wenye hisa tu. Anayetwaa kampuni nzima hurithi madeni yake, na hupata pia fedha taslimu zilizomo. Kwa hiyo hesabu ya mnunuzi ni thamani ya soko, kuongeza deni, kutoa fedha taslimu. Nyuma ya zile milioni 413 za Mumias walipanga foleni benki, wakulima, wafanyakazi na watoza ushuru, wakidai mabilioni. Septemba 2019 benki ya KCB ilimleta meneja mrasimu, yaani msimamizi anayeshika hatamu kwa niaba ya mdai. Mwishoni mwa 2021 kiwanda kilikodishwa kwa Sarrai Group ya Uganda. Hakikuuzwa, kilikodishwa.

Lakini kabla ya deni kuiua kampuni, fedha taslimu huwa zimeshakauka. Mama wa ufuo wa Dunga anaweza kuuza omena gunia baada ya gunia kwa mkopo, daftari likaonyesha faida nono, na bado akakosa nauli ya kurudi ufuoni. Mumias ilitangaza faida ya kama bilioni 2 mwaka 2012. Mwaka uliofuata ikapata hasara ya zaidi ya bilioni 1.6, na haikuinuka tena. Malipo ya wakulima yalichelewa, nao wakapeleka miwa kwa vinu vingine vilivyolipa upesi. Kinu kikakosa miwa, sukari ikapungua, fedha zikapungua zaidi, malipo yakachelewa zaidi. Serikali ilimimina mabilioni kadhaa kuanzia 2015. Pesa za namna hiyo huziba pengo la mwezi huu. Mkulima aliyekwisha kuhama hazimrudishi.

Deni lenyewe si ugonjwa. Mwaka 2019 kampuni ya bia ya KBL ilifungua upya kiwanda chake cha Kisumu, kilichokuwa kimefungwa kwa miaka mingi, kwa uwekezaji wa shilingi bilioni 15. Kampuni mama, EABL, ilikopa bilioni 11 kwa hatifungani mwaka 2021. Lilikuwa deni kubwa, ila bia hunywewa kila siku na fedha huingia kila siku. La kuuliza ni iwapo faida ya shughuli inatosha kulipa riba na kubakiza, na deni linaiva lini. Sarafu nayo isisahaulike: dola ilipofikia takriban shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, aliyekopa kwa dola aliona deni limevimba bila kukopa hata senti.

Bei ya soko nayo si neno la mwisho. Mwaka 2023 Diageo ya Uingereza iliongeza umiliki wake katika EABL kutoka asilimia 50 hadi 65, ikilipa shilingi 192 kwa hisa, bei iliyopita kwa mbali ile ya sokoni wakati huo.

Na zipo kampuni zisizo na bei ya hisa kabisa. Nakumatt, iliyokuwa na duka kubwa pale Mega City, Kisumu, ilikuwa mali ya watu binafsi. Rafu zilianza kuwa tupu kwa sababu wasambazaji bidhaa hawakulipwa, na ilipowekwa chini ya msimamizi Januari 2018 madeni yalizidi shilingi bilioni 30. Katika ukanda wa miwa wa Nyando, vinu vya Miwani na Muhoroni viliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2001 bila soko lolote kutoa onyo.

Mwaka 2025 serikali ilikodisha vinu vyake vinne vya sukari kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30. Chemelil ilikwenda kwa Kibos, Muhoroni kwa West Valley. Gazeti halichapishi bei ya hisa ya yeyote kati yao. Mkulima wa Nyando anayetaka kujua hali ya kinu atahesabu siku kati ya miwa kupimwa na pesa kuingia, kisha atauliza kama jirani yake amesubiri muda uleule.