Spea za mbele za Impreza: jina moja, sura tatu

Subaru Impreza WRX ikigongwa mbele, mwenye gari kwa kawaida humpa mfanyabiashara wa spea mambo mawili: jina la gari na mwaka wa kusajiliwa. Kwa gari hili hayo hayatoshi. Mzigo uliokwisha lipiwa Japani unaweza kufika Mombasa au Dar es Salaam, fundi bodi akaufungua, na usifungike.

Sura tatu

Impreza ya kizazi cha pili iliuzwa Japani kuanzia mwaka 2000 hadi 2007. Katika kipindi hicho sura ya mbele ilibadilishwa mara mbili: mwishoni mwa 2002 na katikati ya 2005. Za mwanzo zina taa za mviringo. Boneti, madigadi, taa, grili na bampa ya mbele ya sura moja havikai kwenye sura nyingine. Anayetaka kubadili sura lazima anunue seti nzima.

Gari lililosajiliwa 2003 linaweza kuwa liliundwa kabla ya mabadiliko. Hivyo mwaka wa kadi usitegemewe. Chini ya boneti kuna kibao chenye namba ya modeli inayoanza na GDA au GDB. Herufi inayofuata ndiyo jibu: A na B ni sura ya kwanza, C, D na E ya pili, F na G ya tatu. Namba hiyo itumwe kwa muuzaji pamoja na picha.

Boneti ya gari lenye turbo ina mdomo wa kuingizia hewa, isiyo na turbo haina. Madigadi ya saluni ni mapana kuliko ya wagoni.

Shasi kwanza

Kabla ya kuagiza, fundi apime sehemu ya injini kwa utepe, kutoka kona hadi kona, mara mbili kwa mshazari. Vipimo visipolingana, shasi imepinda. Inyooshwe kwanza, la sivyo boneti mpya itaacha pengo upande mmoja. Mifuko ya hewa ikiwa ilifunguka, gharama yake ihesabiwe mapema.

Taa na mpaka

Kenya, Uganda na Tanzania magari hupita kushoto; Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Taa za Japani huelekeza mwanga wa chini upande wa kushoto. Zikivuka kwenda Bujumbura au Goma, zitawamulika machoni madereva wanaokuja mbele. Mteja wa huko aletewe taa za nchi zinazopita kulia.

Usafirishaji

Nosi iliyokatwa pamoja na injini imwagwe oili na maji ya rejeta kabla ya kupakiwa. Taa zifungwe peke yake, kwani masikio yake ya plastiki huvunjika kirahisi.

Cheti rahisi cha uasili cha Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zinazotoka ndani ya jumuiya. Spea iliyotengenezwa Japani haihusiki, hata ikinunuliwa Nairobi. Msafirishaji abebe stakabadhi za ushuru uliolipwa bandarini.