Mama atakaye kuzalia nyumbani asikilizwe kwanza

UCHUNGU wa mwana, walisema wahenga, aujuaye ni mzazi. Lakini katika nchi yetu watu wengi wasiowahi kuuonja uchungu huo ndio walio wepesi wa kumwamulia mzazi mahali pa kuukabili. Mja mzito anaposema kwamba angependa kujifungua nyumbani kwake, mbele ya mkunga amjuaye, hukemewa papo hapo. Huitwa mshamba asiyejua kwamba dunia imeendelea. Muuguzi wa kliniki humkaripia, mawifi humcheka, naye mumewe huogopa lawama za ukoo endapo jambo baya litatokea.

Kinachosahauliwa ni kwamba aghalabu mama huyo si mgeni wa hospitali. Amekwisha kulazwa katika wodi ya wazazi mara moja au mbili, na anaikwepa kwa sababu anaijua. Aliyeumwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka.

Nia ya makala haya si kuwashawishi kina mama waihame hospitali. Nia ni kusema kwamba uzazi uliotangulia humwachia mama ushahidi wa aina mbili: ushahidi wa namna alivyotendewa na watu, na ushahidi wa namna mwili wake ulivyokwenda. Mama mwenyewe huukumbuka mno ule wa kwanza. Wahudumu wa afya nao huuliza habari za ule wa pili peke yake. Uamuzi wa busara hauwezi kupatikana mpaka ushahidi wote uwekwe mezani.

Hapana budi kukiri kwanza kwamba taifa limepiga hatua. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba watoto 40 tu kati ya kila 100 walizaliwa katika vituo vya afya. Kufikia mwaka wa 2014 idadi hiyo ilikuwa 61, na mwaka wa 2022 ilikuwa imefika 82. Tangazo la Juni 1, 2013 la kuondoa ada za kujifungua katika vituo vya Serikali lilichangia pakubwa, na vivyo hivyo mpango wa Linda Mama uliofuata. Hata hivyo, sensa ya mwaka wa 2019 ilikadiria kwamba kina mama 355 walifariki kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kumfikisha mama mlangoni mwa hospitali ni jambo moja, na kumhudumia ipasavyo akiwa ndani ni jambo jingine.

Tuanze, basi, na ushahidi wa namna kina mama walivyotendewa. Si uvumi wa vijiweni. Mwaka wa 2007 mawakili wanawake wa shirika la FIDA, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, walichapisha ripoti iliyoeleza jinsi wazazi walivyotukanwa, walivyopigwa na walivyoachwa peke yao katika vituo vya kujifungulia humu nchini. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba ilikuwa kinyume cha sheria kuwazuilia wodini wanawake wawili waliokuwa wamejifungua kwa sababu tu hawakuwa na pesa za kulipa. Na mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mama mmoja alipwe fidia ya shilingi milioni mbili na nusu. Mama huyo alikuwa amejifungulia sakafuni, katika ujia wa hospitali, mnamo mwaka wa 2013, na badala ya kuhurumiwa akazabwa makofi na kutusiwa.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 28, inasema kwamba kila mtu ana hadhi na kwamba hadhi hiyo iheshimiwe. Hakuna mahali inaposema kwamba hadhi huvuliwa pamoja na viatu mlangoni mwa chumba cha kuzalia. Mama akisema, "Sirudi pale," anadai kilicho chake kisheria.

Walakini, kuna ule ushahidi wa pili, nao hauna huruma. Uchungu wa kuzaa unaweza kuanza vyema, ukaendelea vyema, na mtoto akalia kwa sauti ya kupendeza, kisha damu ikafunguka. Mwanamke mwenye afya anaweza kumalizika kwa muda wa saa chache asipopata dawa ya kuukaza mji wa uzazi na, ikibidi, damu ya kuongezewa. Kuna kifafa cha mimba, ambacho hutanguliwa na kupanda kwa shinikizo la damu. Kuna mtoto anayezaliwa bila kupumua, ambaye anahitaji msaada katika dakika ile ile. Mambo haya hayangoji gari litoke mjini.

Hapa ndipo tunapaswa kutofautisha maneno ambayo watu huyachanganya. Mkunga wa jadi ni mmoja, na mkunga aliyesomea ni mwingine. Bibi wa kijijini aliyerithi kazi kwa mamaye anaweza kuwa na mikono ya upole na maneno ya faraja, na kwa hayo anastahili heshima. Lakini hana sindano ya oksitosini, wala hakufundishwa kuitumia. Ndiyo sababu mwaka wa 2004 Shirika la Afya Duniani lilipofafanua maana ya mzalishaji mwenye ujuzi, halikumhesabu. Mkunga aliyesomea, kwa upande wake, amepitia chuo, amesajiliwa na Baraza la Wauguzi, na anajua dalili za hatari kabla hatari yenyewe haijatimia. Mama anayepanga kuzalia nyumbani na asiwe na mkunga wa aina hii hajapanga lolote, amebahatisha.

Je, mkunga kama huyo akiwapo, nyumbani ni salama? Jibu linategemea mama ni nani. Utafiti mkubwa uliochapishwa nchini Uingereza mwaka wa 2011 uliwafuata zaidi ya wanawake 64,000 ambao mimba zao hazikuwa na dalili za hatari. Kwa wale waliokuwa wamewahi kuzaa, watoto wa waliopanga kujifungulia nyumbani hawakupatwa na madhara zaidi kuliko wa waliopanga kwenda hospitalini. Kwa wanaozaa mara ya kwanza mambo yalikuwa tofauti: madhara makubwa kwa watoto yalikuwa kama tisa katika kila uzazi 1,000 uliopangiwa nyumbani, yakilinganishwa na matano kwa uliopangiwa hospitalini. Isitoshe, karibu nusu ya wazazi hao wa mara ya kwanza walilazimika kuhamishiwa hospitalini. Kwa waliowahi kuzaa, aliyehamishwa alikuwa mmoja kati ya kila wanane.

Msomaji azingatie neno hilo, kuhamishwa. Kule Uingereza mkunga wa nyumbani ni mwajiriwa wa huduma ya afya ya taifa. Akipiga simu, gari la wagonjwa huja, na hospitali humpokea mgonjwa bila maswali ya kejeli. Usalama ule haukutoka kwenye kuta za nyumba. Ulitoka kwenye kamba inayoiunganisha nyumba na hospitali. Kwetu kamba hiyo mara nyingi imekatika.

Hebu tutoe mfano wa kubuni, ingawa wengi watautambua. Wanawake wawili wanaishi kijiji kimoja, kilomita 14 kutoka hospitali iliyo karibu. Wote wana watoto wawili, wote ni wajawazito, na wote walifokewa na kuaibishwa walipojifungua hospitalini. Wa kwanza alizaa mara zote mbili bila tatizo. Shinikizo lake la damu ni la kawaida, damu yake inatosha, na mtoto ametanguliza kichwa. Wa pili alichelewa kutoa kondo la nyuma alipozaa mtoto wa pili, akatoka damu nyingi, akaongezewa painti mbili.

Aibu yao ni moja, lakini njia zao haziwezi kuwa moja. Wa kwanza ana haki ya kuketi na mkunga aliyesomea na kupanga uzazi wa nyumbani. Wa pili, hata angelia machozi, anapaswa kuambiwa ukweli: kondo lililokwama mara moja linaweza kukwama tena, na damu iliyomtoka mara ile inaweza kumtoka mara hii. Mwenzake wa tatu aliyewahi kufanyiwa upasuaji naye asidanganywe. Kovu la mji wa uzazi hupasuka kwa takriban mmoja kati ya kila wanawake 200 kama yeye wanaojaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, na likipasuka chumba cha upasuaji kinahitajika mara moja. Hali kadhalika mwenye pacha, mwenye mtoto aliyetanguliza makalio, mwenye shinikizo la damu au upungufu wa damu, na anayezaa kwa mara ya kwanza mbali na hospitali.

Lakini kumwambia mama huyo wa pili "nenda hospitalini" na kuishia hapo ni kumrudisha kwa nyoka wake. Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza kwamba kila mzazi awe na mwandani amtakaye katika muda wote wa uchungu, na kwamba mzazi asiye na tatizo achague mwenyewe namna ya kukaa au kulala anapojifungua. Kwa hivyo mkunga aliyetamani awe naye nyumbani, au dada yake, au mumewe, na aandamane naye wodini. Aende kabla ya siku, akione chumba, na amweleze msimamizi wa zamu yaliyompata zamani. Mambo haya hayagharimu Serikali dawa wala mashine.

Ama yule wa kwanza, mpango wake uanze mapema, si baada ya mwezi wa tisa kuingia. Asikose kliniki hata mara moja, kwa maana kliniki ndiyo itakayosema iwapo hali imebadilika. Mkunga amwonyeshe leseni yake bila kukasirika. Mkoba wa mkunga uwe na glavu safi, mkasi uliotakaswa, kipima shinikizo la damu, chombo cha kusikilizia moyo wa mtoto, mfuko wa kumpulizia pumzi, na dawa ya kuzuia damu. Oksitosini hupoteza nguvu ikikaa katika joto, hivyo ulizeni imehifadhiwa wapi. Misoprostoli haihitaji jokofu. Moyo wa mtoto usikilizwe angalau kila nusu saa, na kila dakika tano mama anapoanza kusukuma.

Gari litafutwe kabla, pamoja na dereva ambaye simu yake haizimwi usiku. Pesa za safari ziwekwe kando na zisiguswe. Watu wawili wa jamaa wajue aina yao ya damu na wawe tayari kutoa. Tena mume na mke wakubaliane mapema juu ya dalili zitakazovunja mpango: damu, kuumwa na kichwa kikali pamoja na kiwi cha macho, maji ya rangi ya kijani kutoka, uchungu usiosonga mbele. Mkunga akisema "twende", pasiwe na kikao cha wazee. Kuhamishiwa hospitalini si kushindwa. Ni sehemu ya mpango wenyewe. Baada ya hapo mtoto apelekwe kuchanjwa, na habari za kuzaliwa kwake zifikishwe kwa naibu wa chifu kabla ya miezi sita kupita.

Wapo watakaosema kwamba mazungumzo haya yatawarudisha kina mama gizani. Tuwakumbushe mgomo wa wauguzi wa mwaka wa 2017, uliodumu tangu Juni hadi Novemba, na kafyu ya usiku iliyoanza Machi 2020 wakati wa janga la korona. Katika nyakati hizo kina mama walijifungulia nyumbani bila kupenda, na wengi hawakuwa na mkunga wala gari. Nyumba itaendelea kuwa mahali pa kuzalia, tutake tusitake. Swali ni kama ujuzi utaifikia.

Nchi hii imewahi kulijaribu jambo hilo. Katika mwongo wa kwanza wa karne hii Wizara ya Afya ilitayarisha mwongozo wa wakunga wa jamii, yaani wakunga waliosomea, wakiwamo waliostaafu na wasio na ajira, ambao wangewahudumia kina mama vijijini mwao na kuwapeleka hospitalini wenye matatizo. Sehemu za magharibi zilionja matunda yake. Leo malipo ya bima hufuata kituo cha afya, hayamfuati mama hadi nyumbani kwake, na mkunga mstaafu mwenye ujuzi wa miaka 30 anauza mboga sokoni. Serikali za kaunti, ambazo ndizo zenye jukumu la hospitali hizi tangu mwaka wa 2013, ziwatafute watu hao, ziwaandikishe, ziwape dawa, na kila mmoja wao apewe hospitali moja itakayopokea simu yake.

Na wanaume, ambao hawaujui uchungu huu ila kwa kuusikia, wawaulize wake zao swali moja wakati mimba ingali changa: mara iliyopita mambo yalikwendaje? Wasikilize jibu lote, la aibu na la damu, kisha wamwite mkunga. Wakingojea hadi usiku wa uchungu, watakumbuka kwamba ajizi ni nyumba ya njaa, na katika jambo hili njaa yenyewe ni mauti.