Protini Zinazoshika Seli

Madaktari wa saratani wakitaja Bomet, Kenya, kwa kawaida wanafikiria umio. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha taarifa ya saratani hiyo kwa vijana wa wilaya ile, waliotibiwa Hospitali ya Tenwek. Utumbo mpana haukuwa na sifa hiyo. Mwaka 1971 Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji Hospitali ya Mulago, Uganda, aliandika kwamba saratani ya utumbo huo ni adimu Afrika, akataja nyuzinyuzi za chakula kuwa sababu. Leo ni miongoni mwa saratani tano zinazoongoza Kenya.

Mgonjwa wa saratani hiyo kutoka Litein au Sotik akishapasuliwa huuliza, “Daktari, itarudi?” Jibu hutegemea kwanza uvimbe ulifika wapi: ukutani tu, kwenye tezi za limfu, au kwenye ini. Kisha kuna protini zinazoshikanisha seli.

Kadherini E, mojawapo ya protini alizozichunguza Masatoshi Takeichi huko Kyoto, hufanya kazi kwa msaada wa kalsiamu. Kipande cha utumbo kikitiwa rangi maalumu, chini ya hadubini huonekana mstari wa kahawia umezunguka kila seli, mfano wa wavu. Fuata ukingo ambako uvimbe unapenya: mstari unafifia, na seli zinatoka moja moja, au mbili, tatu, nne. Vikundi hivyo vikiwa vingi, hatari ya kuenea ni kubwa zaidi.

CEA, protini nyingine ya seli za utumbo, ni kisa cha kinyume. Phil Gold na Samuel Freedman waliigundua Montreal mwaka 1965. Baadaye ikajulikana kuwa nayo hunatisha seli. Kadherini E ikipungua ni habari mbaya. CEA ikizidi, vilevile. Katika utumbo mzima CEA hukaa upande wa ndani na kutoka na choo. Seli za saratani hupoteza mpangilio huo, nayo ikavujia damuni.

Kwa maeneo ya chai kama Bomet naipa CEA kipaumbele: hutosha damu ya mkononi, bila rangi maalumu wala mtaalamu wa hadubini. Lakini haifai kumsaka mgonjwa mpya. Sigara na maradhi ya ini huipandisha, na kuna uvimbe usioitoa kabisa. Faida yake ni mfululizo: ipimwe kabla ya upasuaji, ishuke wiki chache baadaye, kisha irudiwe kila miezi 3 hadi 6. Anayepimwa kwa mara ya kwanza mwaka mmoja baada ya kupasuliwa, akakutwa na nanogramu 7 kwa mililita, anampa daktari namba isiyo na cha kulinganishwa nacho: huenda uvimbe umerudi, huenda ni sigara tu.