Chembe, Seli na Nyama ya Moyo

Huko Songwa, wilayani Kishapu katika mkoa wa Shinyanga, nchi ya mtama, pamba na ng'ombe, neno chembe halina utata. Chembe ya mtama uliokwisha kupurwa hushikwa peke yake, huhesabika, na huanguka chini bila kuvuta nyingine. Wataalamu wa biolojia walipohitaji jina la kile kipande kidogo ambacho miili yote yenye uhai imejengwa kwacho, wengine walilishika neno hilo, wakasema chembe hai. Wengine wakachukua seli. Majina yote mawili yamo vitabuni, na hudhaniwa kwamba kuchagua ni hiari ya mwandishi. Kazi za mtaalamu mmoja, Mmarekani Don Fawcett (1917–2009), zaonyesha kuwa sivyo.

Fawcett alikuwa profesa wa anatomia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1969 yeye na mwenzake McNutt walitangaza uchunguzi wao wa nyama ya moyo wa paka, walioufanya kwa hadubini ya elektroni. Zamani wengi waliiona nyama hiyo kuwa wavu mmoja usiokatika, kwa maana nyuzi zake hutawanyika na kuungana tena. Vistari vyeusi vilivyozikata havikueleweka. Tangu miaka ya 1950 hadubini mpya ilionyesha kuwa kila kistari ni mpaka. Seli mbili zakutana hapo, kila moja na utando wake, meno ya hii yameingia katika mapengo ya ile. Mahali pengine nyuzi za kukaza zimefungwa katika utando, ili seli zisiachane moyo unapojikunja. Mahali pengine tando mbili zakaribiana mno, na umeme hupita kutoka seli hadi seli. Ndiyo sababu seli zisizo na idadi hupiga pigo moja.

Fawcett na McNutt walieleza pia mirija ya seli za ventrikali, iliyozama kutoka juu ya utando hadi ndani. Umeme hufuata mirija hiyo, kalsiamu hufunguliwa, nyuzi zikateleza na kupitana. Katika seli za atria, ambazo ni nyembamba, mirija hiyo ni haba au haipo kabisa.

Kitu cha namna hii si chembe kwa maana ijulikanayo Songwa, kwani kazi yake imo katika maungio yake. Tena liko tatizo ambalo waandishi wa vitabu vya shule wangalipaswa kuliona mapema: chembe cha moyo, katika Kiswahili cha pwani, ni pale chini ya mfupa wa kidari, juu ya tumbo. Mwanafunzi asomaye juu ya chembe ya moyo ametenganishwa na maana hiyo kwa silabi moja tu.

Hata hivyo neno chembe halikuzuka bure. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 Fawcett alifanya kazi Nairobi, katika maabara ya kimataifa ya magonjwa ya wanyama, ILRAD. Mwaka 1982 yeye na wenzake walieleza jinsi kijidudu cha ndigana kali, Theileria parva, kiletwacho na kupe, kinavyoingia katika seli nyeupe ya ng'ombe: hushikamana na utando, huzama ndani, na punde utando uliokifunika huyeyuka kikabaki huru. Baadaye seli hugawanyika ovyo, na mdudu hugawanyika pamoja nayo. Tezi za ng'ombe huvimba. Seli hiyo nyeupe hutembea peke yake katika damu na majimaji ya mwili. Mfugaji wa Songwa akiambiwa kwamba mdudu amejificha ndani ya chembe nyeupe ya damu, picha aipatayo ni ya kweli. Akiambiwa moyo wa ng'ombe huyohuyo ni chembe tupu, ataona lundo la nafaka, na nyama aikatayo kwa kisu itamkanusha msemaji.

Yafaa basi chembe ibaki katika damu, na seli liwe jina la wote. Ni neno geni, halina kumbukumbu ya ghala wala ya kinu, na hapa upungufu huo ndio faida yake.

Vile vistari vya moyo navyo vyahitaji jina. Fundo lingefaa kwa umbo, lakini fundo la moyo ni kinyongo. Kiungo kimekwisha kutwaliwa na mikono, miguu na mchuzi. Labda kiungio.