ZULIA LENYE MENO LAINGIA SOWETO EAST

Sisi tuliozaliwa pwani tulipokewa na mkeka. Juu yake tulinyolewa nywele za utotoni, juu yake tulikaa chuoni tukisoma alifu na bee, na juu yake hukaa watu kunapokuwa na msiba. Na mkeka, msomaji, una adabu zake: ukishamaliza kuukalia huupangusa, ukaukunja na kuuegemeza ukutani. Hata baraza ikiisha twasema jamvi limekunjwa.

Lugha yetu ina utajiri wa majina ya vitandikwavyo chini. Mkeka hushonwa kwa kili za ukindu. Jamvi ni la miyaa, pana na gumu, la msikitini na la arusini. Msala ni wa kuswalia, na mbacha ni ule uliochakaa, ambao wahenga walitukanya tusiuache kwa ajili ya msala upitao. Busati na zulia ni majina yaliyokuja na pepo za kaskazi. Asili ya busati tuliikuta chuoni katika Sura ya Nuhu, ambako ardhi yote imefananishwa na tandiko. Kapeti ndiye kitinda mimba, naye alikuja na Mwingereza.

Vyote hivyo kwa kawaida yetu havipigwi msumari. Tandiko dogo hukunjwa, na tandiko kubwa hukaa kwa uzito wake. Kule Maskati, katika Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos uliofunguliwa mwaka 2001, liko zulia moja lenye zaidi ya mita 4,300 za mraba na uzito wa tani 21, kazi ya mikono ya wanawake wa Khorasan nchini Iran. Zulia la uzito huo nani atalisogeza?

Lakini zulia jepesi la dukani, likatwalo kwa mita, halina uzito huo. Likiachwa huru hujikunja pembe, likamkwaza mtoto na kumwangusha mzee. Ndipo wenzetu wa Ulaya na Marekani, waliozoea kufunika chumba kizima ukuta kwa ukuta, walipobuni kifaa ambacho niliwahi kukiona katika maofisi ya mjini Nairobi, na ambacho sikutaraji kukutana nacho Kibera. Nilikutana nacho Soweto East.

Kwa msomaji asiyepajua, Soweto East ni kimoja katika vijiji vya Kibera, pamoja na Kianda, Gatwekera, Lindi, Laini Saba, Makina na vinginevyo. Kwa miaka mingi nyumba zake zilikuwa za udongo na mabati, chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, sakafu ya udongo au ya saruji nyembamba. Juu ya sakafu hiyo mama wa nyumba hutandika kapeti ya plastiki yenye maua. Akipandishiwa kodi, au moto ukizuka, kapeti hiyo hukunjwa na kutiwa begani. Kwa hiyo ni mkeka wa pwani uliobadilika umbo tu.

Kisha ikaja habari ya maghorofa. Kwa makubaliano ya mwaka 2003 baina ya Serikali na shirika la UN-Habitat, Soweto East ilichaguliwa kuwa ya mwanzo katika mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda. Septemba 2009 wakazi wa sehemu iitwayo Zoni A walianza kuhamishiwa nyumba 600 za muda huko Lang'ata, na wengi wakakaa familia moja kila chumba, jiko na choo wakishirikiana. Wenye vibanda walikwenda mahakamani, na kazi ikakawia. Hatimaye, mwaka 2016, nyumba 822 zilikabidhiwa.

Katika moja ya nyumba hizo nilimkuta mama wa makamo na fundi kijana. Katikati ya sebule lilikuwa zulia la rangi ya damu ya mzee, limekunjwa kama gogo. Kando yake palikuwa na fungu la vibao vyembamba.

"Tahadhari mkono, mzee," fundi aliniambia nilipoinama kuokota kimoja. "Hizo zauma."

Na kweli zauma. Ni kipande cha ubao chenye upana wa kama sentimita mbili na nusu, na unene usiofika sentimita moja. Usoni mwake zimetokeza safu za sindano fupi, zote zimelala upande mmoja. Sikupata jina la Kiswahili lililotulia. Mimi nauita ubao wa meno, na mwenye jina bora na alete. Ubao huzungushwa pembeni mwa chumba, meno yakiinamia ukutani. Zulia hunyoshwa juu yake likakamatwa kwa chini, na hapana msumari uonekanao.

Kwenye sakafu ya mbao kazi hiyo ni nyepesi. Kwenye sakafu ya saruji ina masharti, nami nayaandika hapa kwa manufaa ya mwenye kutaka.

La kwanza ni ukavu. Kanuni ya mafundi ni kwamba tabaka la juu la sakafu hukauka kwa kadiri ya milimita moja kwa siku, basi tabaka la milimita 50 hutaka siku 50, na zaidi wakati wa mvua. Anayeshuku hubandika kipande cha nailoni sakafuni, akakiziba kingo zote na kukiacha siku nzima. Akikifunua akakuta umande chini yake, angoje. Zulia juu ya unyevu huoza, na misumari hushika kutu.

La pili ni uimara. Fundi hugonga kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Sauti ya debe tupu maana yake saruji imeachana na iliyo chini yake. Akikwaruza kwa msumari na unga ukatoka, misumari haitashika. Hapo hutumiwa gundi, baada ya vumbi kufagiliwa lote, na gundi huachwa ishike barabara kabla zulia halijavutwa.

La tatu ni yaliyofichwa. Katika ghorofa, mifereji ya nyaya za taa za jirani wa chini yaweza kupita ndani ya zege unalolikanyaga, na mabomba ya maji karibu na mlango wa jiko na wa msala. Kwa hiyo msumari huwa mfupi, wa chuma kigumu kisichopinda, na fundi huvaa miwani, kwa kuwa saruji hurusha vijipande.

La nne ni nafasi. Ubao haugusani na ukuta. Huachwa mwanya mdogo, mwembamba kidogo kuliko unene wa zulia, ili ukingo uingizwe humo na kufichwa. Kila kipande, hata kiwe kifupi vipi, hupata misumari miwili, la sivyo kitazunguka. Kitandiko cha sponji huwekwa ndani ya mzingo wa vibao, wala si juu yake. Mwisho zulia husukumwa kwa chombo chenye meno kinachopigwa kwa goti, hata likaze kama ngozi ya ngoma.

Fundi alikuwa amekwisha pima na kugonga, lakini nyundo hakuishika. Alimgeukia mwenyeji wake.

"Mama, nyumba ni yako ama ni ya kukodi?"

Mama alinyamaza kidogo. "Nalipa pole pole," alisema.

Msomaji, nyumba zile hazikugawiwa bure. Wakazi walijiunga katika chama cha ushirika wa nyumba, wakaweka akiba ya arubuni, na salio hulipwa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Kuna mwenye mshahara wa mwezi, na kuna mwenye kuuza mboga. Tangu siku za Lang'ata walikuwako waliopangisha chumba na kurudi kibandani, maana tofauti ya kodi ndiyo ilikuwa chakula cha watoto. Fundi aliuliza kwa sababu anajua: ubao ukishapigwa, ukiung'oa huacha safu ya matundu sakafuni, na mwenye mali hudai.

Tena hapo pana haja ya kusema haki. Zulia la ukuta kwa ukuta si heri tupu. Halipigwi deki. Haliwezi kutolewa juani likapigwa fimbo, kama mama zetu walivyofanya mikeka, na mashine ya kunyonya vumbi hutaka pesa na umeme. Mwenye mtoto wa kifua na aliangalie sana. Angelitaka raha ya miguu pekee, mama yule angelitandika busati dogo, akalianika barazani kila Jumamosi.

Lakini sikuona kuwa alitaka raha ya miguu. Alitaka kitu kisichokunjika. Mtu aliyeishi miaka akiwa tayari kubeba sakafu yake begani ana haki ya kutamani sakafu isiyobebeka.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Ni neno zuri, lakini neno bila hati ni zulia bila meno: likikanyagwa sana huteleza. Wanubi, ambao jina Kibera limetoka katika lugha yao kwa maana ya msitu, walikaa pale kwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya kupewa hati ya ekari 288, mwaka 2017. Wajukuu walipokea walichokingoja mababu. Wa maghorofani wasingojeshwe hivyo. Malipo yapimwe kwa mkono wa mwuza mboga, na anayemaliza kulipa apewe karatasi yake siku hiyo hiyo.

Mama yule alimwambia fundi aanze na chumba cha kulala, sebule ingoje. Nilidhani ni pesa. Alinieleza kuwa sebuleni huingia wageni na maneno, lakini chumbani ataamka kila alfajiri na kuweka mguu juu ya kitu ambacho hakuna wa kumwambia akikunje.